Hukuteleza Pale Kibomet

Baba yake Wafula,

Binti yako Nasimiyu amenipigia simu leo asubuhi kutoka Saboti. Amesema jana ulisimama kwa magongo, ukatembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushikwa na mtu, ukatazama barabara kwa muda, kisha ukauliza: "Gari imefanya mtihani?" Amesema hukuuliza kingine chochote.

Mtihani huo ni wangu, na gari uliloliulizia ni mimi. Wengine watakaosoma barua hii hawawezi kulijua hilo, kwa hiyo nitaeleza mambo kwa mpangilio wake, kama ulivyozoea kunisikia nikieleza habari za watu wengine redioni.

Mimi ni mke wa mwanao. Ulinifundisha kurudi nyuma na trela kwenye ua mmoja wa Kibomet, hapa Kitale. Asubuhi moja gurudumu la trela hiyo lilipanda mguu wako wa kushoto, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Hospitalini ulisema uliteleza kwenye matope. Hukuteleza. Ndiyo sababu ninaandika, na ndiyo sababu ninaandika hadharani.

Nilisoma habari kwa miaka mingi katika kituo kidogo cha redio. Ajali zilikuwa chakula chetu cha kila siku: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, mteremko wa Webuye. Nilikuwa na sentensi niliyoitumia karibu kila mara: lori lilipoteza mwelekeo. Wewe ulikuwa Matulo, umestaafu baada ya kupeleka mahindi na sukari pwani karibu maisha yako yote, na redio yako ilikaa dirishani. Siku moja ulimtuma Wafula, mume wangu, aje aniambie.

"Baba anasema ati rori haipotezi mwelekeo," Wafula aliniambia, akiiga sauti yako. "Dereva ndiye anapoteza. Anasema uache kusingizia chuma."

Sikuacha. Sentensi ile ilikuwa fupi na haikumshtaki mtu.

Kituo kilipofunga ofisi yake ya Kitale, nilikuwa na umri ambao wahariri huuita uzoefu wanapokuaga na huuita gharama unapoomba kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemhoji msafirishaji mmoja wa nafaka kule Bungoma. Alisema ana malori yamelala kwa kukosa madereva wa kuaminika, na kwamba mwanamke akimletea leseni ya trela atampa ufunguo siku hiyo hiyo. Nusu ya kwanza ya maneno yake niliitangaza. Nusu ya pili nilibaki nayo.

Niliamua kujifunza trela, na nilitarajia ukatae. Wafula alikwenda Matulo kukueleza, nami nikabaki Kitale nikipanga majibu ya hoja ambazo hukuzitoa. Alirudi na ujumbe mmoja. Ulisema: kama ni kuendesha, aendeshe kama watu. Shule itamfundisha kupita mtihani. Kurudi nyuma na trela atafundishwa na nani?

Katika shule ya udereva mjini walinifundisha kwa lori dogo. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa miraba minne aliyewahi kunisikia hewani, na hakunisamehe hilo hata siku moja. "Madam, usiniletee taarifa ya saa moja hapa bana," alikuwa akiniambia nikichelewa kubadilisha gia. "Klachi kwanza, habari baadaye." Nilijifunza gia, nilijifunza alama za barabarani, nilijifunza kusubiri upepo wa breki ujae kabla ya kuondoka. Trela hawakuwa nayo. Trela ilikuwa ya rafiki yako wa zamani, imeegeshwa kwenye ua wake Kibomet, na yeye alikubali tuitumie Jumamosi, siku ambayo ua ulikuwa wazi.

Ulihamia kwa Nasimiyu kule Saboti ili uwe karibu. Ulisema unakwenda kumsaidia na viazi vyake. Nasimiyu aliniambia baadaye kwamba hukuwahi kushika jembe Jumamosi hata moja.

Sasa nifafanue kuhusu heshima, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa kilichotokea. Katika ukoo wenu, baba na mke wa mwanawe hawapeani mkono. Hawaketi kiti kimoja. Hawakai wawili kwenye chumba kidogo. Mke hatamki jina la mkwe wake, na sijawahi kulitamka la kwako wala sitaliandika hapa. Sikulazimishwa na mtu. Niliolewa nikaikuta heshima hiyo, nikaifuata, na kwa miaka yote haikuwahi kunigharimu chochote zaidi ya kuhama benchi. Lakini kabini ya lori ina viti viwili na milango miwili inayofungwa. Kwa kipimo cha heshima hiyo, kabini ni chumba kidogo.

Kwa hiyo ulifundisha ukiwa chini. Ulisimama nje upande wa kulia, mahali ninapoweza kukuona kiooni. Na kwa kuwa haikufaa kumfokea mke wa mwanao, ulilifokea gari.

"Wewe rori, unaenda wapi? Nani amekuita huko?"

"Gari, ukitaka mkia iende kulia, mkono peleka kushoto. Si nilisema? Sasa mbona unabishana?"

"Gari, leo umekula nini? Unatetemeka kama bwana arusi."

Nami nilikujibu kwa honi. Moja, nimeelewa. Mbili, rudia. Siku moja nilipiga tatu. "Hiyo ya tatu ni ya nini?" uliliuliza gari kwa ukali. Haikuwa ya kitu. Nilikuwa nimeinama kwa kicheko, kiwiko kikagusa honi.

Watu wa Kibomet walikuwa wakija kusimama langoni kututazama. Mama aliyekuwa akichoma mahindi nje ya ua hakuweza kuvumilia. "Mzee, si uingie tu huko ndani umwonyeshe? Kwani atakuuma?"

"Mama, huyo ni bibi ya mtoto yangu."

"Aa." Aligeuza mahindi yake. "Basi kaa hapo hapo."

Chai yako nilikuwa nikiiweka kwenye fulaski juu ya bampa ya mbele, kisha nikienda kukaa mbali hadi umalize. Na kila nilipopanda kabini, uliondoka kiooni ukaenda nyuma ya trela, kwa sababu ngazi ya lori ni ndefu na hukutaka kumwona mke wa mwanao akiipanda. Ulifanya hivyo pia leso yangu ilipolegea, au kitambaa cha kichwa kilipohitaji kufungwa upya. Ulikuwa unatoweka tu, kisha unarudi nikishajiweka sawa. Niliizoea hata nikaacha kuitambua.

Kulikuwa na sheria moja uliyoliwekea gari tangu asubuhi ya kwanza. "Gari, ukinikosa kwa kioo, hapo umekufa. Maiti haitembei. Simama."

Sheria hiyo na tabia ile vilikuwa vikipingana tangu mwanzo. Wewe uliliona hilo kabla yangu. Najua uliliona kwa sababu ulimtuma Wafula tena.

"Baba anauliza kama tunaweza kwenda Matulo Jumamosi moja," alisema. "Anataka kukaa kiti cha pembeni."

Nilijua maana yake. Ukoo wenu una njia ya kuilegeza heshima hiyo. Wazee wachache wanaketi, kuku anachinjwa, mkwe na mke wa mwanawe wanakula sinia moja mbele ya mashahidi, mke anafunikwa shuka mpya, na kuanzia hapo wanaweza kushikana mikono na kuketi pamoja. Ni jambo la nusu siku. Nilisema Jumamosi ndiyo siku ya trela. Nilisema tufanye baada ya mtihani. Ukauliza mara nyingine kupitia kwa mwanao, nikatoa jibu lile lile. Hukuuliza tena.

Sababu niliyoitoa ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa yote. Nilipenda uwe nje. Ukiwa chini, hukuweza kuona mikono yangu ikipapasa gia. Ukiwa chini, kosa lilikuwa la gari. Nimewahoji watu wengi waliojificha nyuma ya shughuli nyingi. Nilikuwa nikiwatambua kabla hawajamaliza sentensi. Mimi mwenyewe sikujitambua.

Asubuhi ile kulikuwa kumenyesha. Uliweka mapipa mawili mwisho wa ua, ukataka trela iingie katikati yake. Nilijaribu ikapinda, nikajaribu tena ikapinda. Mara iliyofuata ikanyooka. Niliiona kwenye vioo vyote viwili, kulia na kushoto, imenyooka kama mstari wa jembe la trekta, inarudi polepole kuelekea katikati ya mapipa. Sikuwa nimewahi kufanya kitu kigumu kwa mikono yangu kikatii namna ile. Nilikuwa na furaha. Ninaliandika neno hilo kwa sababu ndilo linalonisumbua kuliko mengine.

Kitambaa cha kichwa kikateleza kikaangukia shingoni. Nikainua mkono mmoja kukirudisha. Nilipotazama kiooni, hukuwepo.

Nilifikiri umenipa heshima. Nilifikiri umegeuka, kama siku zote, ili nifunge kitambaa. Nikaacha gari liendelee kurudi.

Wewe ulikuwa umeona jiwe. Lilikuwa njiani mwa gurudumu la nyuma, na lingeipindisha ile trela iliyokuwa imenyooka. Ulikwenda kuliondoa, ili mke wa mwanao amalize kazi yake vizuri.

Hukupiga kelele. Nilisikia kiganja chako kikipiga bodi ya trela, mara moja, na sauti yako ikaja ile ile ya kila Jumamosi.

"Gari, simama."

Nikasimama.

"Usizime. Ingia gia ya kwanza. Mbele kidogo. Usiruke. Kidogo. Kidogo tena. Hapo. Sasa vuta breki."

Sijawahi kuachia klachi vizuri namna ile, kabla ya siku hiyo wala baadaye. Mwanafunzi wako alifanya kama alivyoelekezwa, na gurudumu likashuka kutoka kwenye mguu wako bila kuuburuta. Kisha nikaruka chini. Ulikuwa umeketi kwenye matope, umeegemea pipa. Nilikushika kichwa, nikakilaza kwenye mapaja yangu, nikalia kwa jina la Mungu kwa sababu la kwako siwezi kulitamka. Ulifumba macho. Nilidhani ni maumivu. Kitambaa changu kilikuwa kimebaki kabini, na nimeanza kufikiri ulifumba kwa sababu hiyo.

Mama wa mahindi ndiye aliyesimamisha gari la kutupeleka hospitali. Muuguzi aliuliza kilichotokea. Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda, nimejitanda shuka ya mama yule, na nilikusikia vizuri.

"Niliteleza kwa matope. Gari ilikuwa imesimama."

Aliyaandika hivyo. Aliponitazama, nilitikisa kichwa kukubali. Nimewahi kumsahihisha mbunge hewani watu wote wakisikia, lakini pale sikumsahihisha muuguzi. Vidole viwili viliondolewa, mifupa ikaunganishwa kwa vyuma, na daktari akasema mguu utabaki. Ulirudishwa Saboti, na habari uliyotoa ikakutangulia: mzee wa watu aliteleza. Watu wa Kibomet walinipa pole. Mwalimu wa shule akanipigia: "Madam, pole, hiyo ni ajali kazini, wewe rudi tu." Nilizipokea pole zote.

Wafula alifika kutoka Lodwar, anakofundisha. Aliniuliza swali moja. "Baba aliteleza?"

Nikamwambia yote, mpaka kitambaa. "Ile siku alikuwa anataka kiti cha pembeni," alisema, "ningewapeleka Matulo wote wawili kwa nguvu." Kisha akatoka kwenda kukuona. Alinisaidia kubeba lawama ambayo haikuwa yake, nami nilimwacha aibebe.

Nasimiyu hakunisaidia. Alinisubiri mlangoni kwake siku nilipokuja kukuletea nguo safi, mikono kiunoni, akanitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ni wa kusoma habari za watu, si ndiyo? Huyu amevunjika, yule amekufa, lori limepoteza nini sijui. Haya, hii yetu nani atasoma? Ama hii haina msomaji?"

Nilimwambia nimekuja tu kuleta nguo.

"Nguo nimeziona, wifi. Nimekuuliza habari."

Hakuna mtu aliyenihoji vizuri zaidi ya hapo. Nilimkabidhi nguo, nikaondoka.

Baadaye nilirudi Kibomet kuchukua funguo nilizoziacha. Matope yalikuwa yamekauka. Alama za magurudumu zilikuwa bado zipo, zimenyooka kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine, na zinaishia katikati ya mapipa. Nilizitazama, na kabla sijajizuia nilijisikia mtu aliyefanya kazi nzuri. Ilikuwa ni muda mfupi sana. Kisha nikaona mahali zinapoishia. Tangu siku hiyo sijaingia kwenye kabini. Siogopi lori, Baba. Ninachoogopa ni kwamba bado ninalitaka.

Mdogo wako wa Matulo alituita mimi na Wafula. Aliketi nje kwenye kiti chake cha plastiki, akasikiliza bila kunikatiza, kisha akasema mambo yamebadilika. "Mlishagusana. Ulimshika kichwa, mlikaa matope moja. Heshima haipo ya kulegeza, iko ya kutengeneza. Kuku haitoshi. Sasa ni kondoo. Na yule alifanya, aseme kwa mdomo wake mbele ya watu, ndipo mle."

Nilikubali palepale. Wewe ndiye uliyekataa. Nasimiyu aliniletea maneno yako bila kuyapamba: "Mimi nilishasema. Niliteleza. Mambo imeisha. Sitaki mtu asimamishwe mbele ya watu kama mwizi wa kuku."

Nimeyafikiria maneno hayo kila siku. Ninaelewa ulichonipa. Ulijua msafirishaji wa Bungoma hatampa ufunguo dereva aliyepanda mguu wa mwalimu wake. Ulijua watu wangesema nini juu ya mwanamke na trela, na wangesemaje juu ya nyumba yako. Ukachukua kosa, ukalitwika matope. Ni uongo mzuri kuliko ukweli mwingi niliowahi kuutangaza, na ninauvunja bila ruhusa yako. Huenda ninakukosea tena kwa kuuvunja. Sina njia ya kuwa na hakika kwamba sifanyi hivi kwa ajili yangu, ili nilale.

Lakini ninajua pia hili. Ukisema uliteleza, basi miaka yako yote barabarani inaishia kwa mzee aliyeteleza kwenye ua uliotulia. Wafula hakuamini hata kwa dakika moja. Nasimiyu hakuamini. Mtu aliyesimama nyuma ya malori maisha yake yote hatelezi mbele ya gurudumu. Aliondoka kiooni akiwa na sababu, na aliyekuwa na wajibu wa kusimama hakusimama. Lori halikupoteza mwelekeo. Lilikwenda pale pale nilipolipeleka.

Nimempigia yule msafirishaji wa Bungoma nikamweleza kilichotokea, kwa ufupi, kama nilivyokieleza hapa. Aliniuliza kama mzee yuko hai. Nikasema yuko. Akasema atafikiria. Hajapiga tena. Nadhani hilo ni jibu la haki, hata likibaki hivyo.

Sikuombi msamaha kwa barua. Mdogo wako ameshanieleza mahali pa kuuombea. Nilikuwa nimepangiwa mtihani Jumatano hii. Leo, baada ya simu ya Nasimiyu, nimekwenda shuleni nikaomba nafasi yangu isogezwe, na wameisogeza hadi Jumatano ijayo, kule Bungoma. Mwalimu alisema, "Madam, ukikosa hiyo, mpaka mwaka ujao." Nilimwambia nimesikia.

Ijumaa daktari atakufungua bandeji. Nasimiyu anasema hakuna atakayekuuliza chochote kabla ya hapo, na yuko sahihi. Jumamosi, saa nne asubuhi, wazee watakuwa Matulo. Kondoo ameshafika, Wafula amemfunga nyuma ya nyumba yako, na atakuja Saboti kukuchukua ukikubali kuchukuliwa. Mimi nitakuwepo tangu asubuhi, upande wa wanawake. Saa nne ikifika nitasimama niseme haya yote kwa mdomo wangu, ukiwa umeketi pale au kiti chako kikiwa kitupu. Ya Jumatano, kama nitaufanya mtihani au la, tutajua baada ya hapo.

Mke wa mwanao,
mama yake Nekesa